Bwawa la Kuogelea Nyumbani: Mahali Kwanza, Umbo Baadaye

Kabla fundi hajashusha koleo na kabla mtambo wa kuchimbia haujaingia getini, chukua karatasi kubwa uchore kiwanja chako chote. Weka nyumba, geti, kisima, chemba za choo, mwembe, banda la kuku, ukuta wa jirani na dirisha la jikoni. Bwawa liache kwanza. Watu wengi huanza na umbo: mstatili, duara, au lile walilolipiga picha hotelini. Umbo ni jambo dogo, na fundi mzuri atakujengea lolote. Jambo zito ni mahali bwawa litakapokaa. Mahali ndipo panapoamua kama utaokota majani kila asubuhi, kama maji yatakuwa ya baridi Julai nzima, kama sakafu itapasuka masika, na kama mtu aliye jikoni atamwona mtoto aliyeteleza ukingoni.

Nayaandika haya nikifikiria viwanja vya Dar es Salaam, kuanzia Mbezi Beach hadi Bunju, na vile vya Kigamboni. Mengi yatamfaa pia mtu wa Tanga, Mombasa na Unguja, maana pepo ni zile zile na udongo haupishani sana.

Kwa mfano wetu tuchukue bwawa la familia: urefu mita 8, upana mita 4, kina kinachoanzia mita 1 na kuishia mita 1.5. Hilo linachukua lita 40,000 za maji, yaani maboza manne ya lita 10,000. Linatosha watu wazima kuogelea na watoto kucheza. Usishawishike kuongeza kina ili watu wapige mbizi. Mbizi ya kichwa inataka maji marefu kuliko bwawa la nyumbani linavyoweza kubeba, na kila sentimita unayoongeza ni gharama ya kuchimba, ya zege, ya maji na ya dawa kwa miaka yote utakayokaa hapo.

Upepo na jua

Pwani ya Dar es Salaam ina pepo mbili kubwa. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Zote mbili zinatoka upande wa mashariki, na upepo wa bahari wa alasiri nao hutoka huko huko. Alfajiri kuna umande utokao bara, lakini huo ni dhaifu, na jua likipanda hufa.

Jambo hili moja linaweza kukupangia nusu ya bustani. Uchafu unaoelea juu ya maji utasukumwa kuelekea magharibi karibu mwaka mzima, kwa hiyo ule mdomo wa ukutani unaonyonya uchafu, ambao mafundi huuita skima, ukae ukuta wa magharibi. Matundu ya kurudishia maji yaliyochujwa yakae mashariki, yasukume kwa mwelekeo ule ule wa upepo. Bwawa lenyewe lilale mashariki kwa magharibi kwa urefu wake, upepo ulifagie kutoka ncha hadi ncha. Ukigeuza mpango huu, skima ikae mashariki, pampu itafanya kazi kutwa na majani yatabaki yamejikusanya kona ya mbali ambako hakuna kinachoyavuta.

Miti nayo ifuate hesabu hiyo hiyo. Mti mkubwa wa kivuli ukiwa upande wa magharibi, majani yake hupeperushwa mbali na maji, na jua la saa kumi jioni likianza kuchoma, kivuli chake kinawaangukia waliokaa ukingoni. Mti huo huo ukiwa mashariki, kila jani linalodondoka linaingia bwawani. Upande wa mashariki panda vitu vifupi tu. Kama kusi inapiga moja kwa moja kiwanjani kwako, jenga ukuta wa matofali yenye matundu, upunguze nguvu ya upepo bila kuuzuia kabisa. Upepo ukikutana na ukuta usio na tundu huruka juu na kuanguka kwa kishindo upande wa pili, tena na vumbi lake.

Sasa jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, saa sita mchana, jua huwa limeinamia kaskazini kwa nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Nyumba ya ghorofa moja yenye kimo cha mita 7 hutupa kivuli cha mita 4 upande wake wa kusini saa hiyo hiyo ambayo jua liko juu kabisa, na asubuhi na jioni kivuli hicho hurefuka zaidi. Ukilichimba bwawa nyuma ya nyumba upande wa kusini, litakaa kivulini miezi ile ile ambayo maji yanahitaji joto. Kaskazini mwa nyumba ndiko kunakopata jua mwaka mzima.

Aliyeko Arusha, Mbeya au Nairobi, kwake jua ni jambo la kwanza hata kabla ya upepo. Usiku wa huko hunyang'anya joto lote la mchana, kwa hiyo atafute mahali pasipo kivuli tangu saa tatu asubuhi, achague vigae vya rangi ya giza, na anunue turubai la kufunika maji usiku. Turubai hilo lina faida hata pwani, kwa sababu linazuia maji kupotea hewani.

Ukishapata mahali kwenye karatasi, nenda nje upapime. Piga mambo pembe nne, funga kamba, kisha mwaga chokaa kufuata kamba. Acha alama hizo kwa wiki nzima, na kila siku zipite kwa saa tofauti. Angalia kivuli kimefika wapi saa tatu, saa sita na saa kumi. Angalia majani makavu yamejikusanya kona gani. Kaa kwenye kiti jikoni na sebuleni uone kama chokaa yote inaonekana. Waache watoto wazunguke na baiskeli uone kama bado wana pa kuchezea. Chokaa ni bei ndogo. Ukikuta mahali hapafai, unafuta na kuchora pengine.

Ardhi iliyo chini ya bwawa

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, na ndipo watu wanapoharakisha zaidi. Chimba shimo la majaribio katikati ya alama zako, upana wa kumtosha mtu kusimama, kina mita 2 au zaidi kidogo. Wakati mzuri wa kulichimba ni Aprili, masika ikiwa imekolea, kwa sababu unachotafuta ni kujua maji ya ardhini hupanda hadi wapi. Lifunike vizuri kwa mbao nzito ili mtu asitumbukie, liache lilale, kisha asubuhi pima kwa fimbo. Maji yakiwa yamejaa hadi mita moja kutoka juu, jua kwamba unajenga ndani ya maji, na mhandisi anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajachora nondo.

Udongo unaotoka shimoni uangalie kwa mkono. Chukua konzi, ulowanishe, uuviringishe kati ya viganja. Ukikatika katika kabla haujafikia unene wa kidole, ni mchanga. Maji yatapita kwa urahisi, ila kuta za shimo zitabomoka wakati wa kuchimba na zitahitaji kuegemezwa. Ukinyooka hadi kuwa uzi mwembamba, ukang'aa na kunata, ni mfinyanzi. Huo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, na mwendo huo ndio unaopasua zege. Udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa kiangazi, ni mbaya zaidi, na mara nyingi hutolewa wote na kubadilishwa na kifusi kizuri kilichoshindiliwa. Sehemu kama Msasani, na kwingi Unguja, utagonga mwamba wa matumbawe. Kuuchonga ni kazi, lakini ukishachongwa unakupa kitako imara.

Kuhusu maji ya ardhini, kuna jambo ambalo kila mwenye bwawa pwani anapaswa kulijua. Bwawa lililojaa hutulia, kwa sababu uzito wa maji ya ndani unalikandamiza. Bwawa tupu, ardhi ikiwa imejaa maji, husukumwa juu kama ngalawa. Kila sentimita 10 za maji ya ardhini zilizozidi usawa wa sakafu husukuma kwa kilo 100 kwenye kila mita ya mraba. Bwawa letu lina sakafu ya mita za mraba 32. Maji yakipanda sentimita 60 juu ya sakafu hiyo, msukumo unakaribia tani 19. Ndiyo maana mabwawa hupasuka au kuinuka kona moja, na karibu kila mara hutokea mtu anapoyamwaga maji masika ili asugue vigae.

Kinga zake zinajulikana. Chini ya sakafu tandika kokoto, unene wa sentimita 15 hadi 20, na upitishe bomba lenye matundu linaloishia kwenye kishimo kidogo pembeni mwa bwawa. Ukifunua kifuniko cha kishimo hicho unaona maji ya ardhini yako wapi, na unaweza kuyavuta kwa pampu ndogo. Mwambie fundi aweke pia valvu ya sakafuni inayofunguka yenyewe msukumo ukizidi. Na kusafisha kwa kumwaga maji kufanywe Septemba, ukishachungulia kishimo ukakikuta kikavu.

Chemba za choo zisisahauliwe. Shimo la kunyonyea maji taka likiwa karibu na bwawa, linailowesha ardhi mwaka mzima, na bwawa likivuja linalijaza shimo hilo. Weka mita 5 kwa uchache kati yao, zaidi kama kiwanja kinaruhusu. Kwenye ukuta wa jirani, umbali usipungue kina unachochimba, usije ukaufukua msingi wake. Haya yote yanaonekana kwenye mchoro, na mchoro ndio utakaoupeleka halmashauri kuomba kibali cha ujenzi. Nenda na mchoro wa kiwanja kizima, usiende na wa bwawa peke yake.

Jambo la mwisho la ujenzi, kisha niliache: mchanga wa ufukweni usiingie kwenye zege. Una chumvi, na chumvi hula nondo kimya kimya hadi vigae vianze kubanduka na michirizi ya kutu kutokea ukutani. Na kabla vigae havijabandikwa, bwawa lijazwe likae siku saba likipimwa. Fundi anayekataa kipimo hicho usimlipe malipo ya mwisho.

Uzio na macho

Mtoto anayezama hapigi kelele. Hana pumzi ya kuita, wala mikono yake haipungi. Mara nyingi hushuka tu, na mtu aliye hatua chache asisikie kitu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021 duniani kote, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2003, humlazimu mwenye bwawa binafsi lililochimbwa ardhini kuweka kinga: uzio, king'ora, kifuniko cha usalama au paa la kulifunga. Nasi tusingoje kulazimishwa. Uzio uingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, uchorwe pamoja na bwawa, ulipiwe kabla ya taa za rangi na maporomoko ya maji.

Uzio mzuri una kimo kisichopungua mita 1.2 ukipimwa kutoka nje. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10. Nondo zisimame wima, maana za kulala ni ngazi. Kigeti kifunguke kuelekea nje, kijifunge chenyewe kikiachiwa, na komeo likae juu, mita 1.5, ambako mkono wa mtoto wa miaka minne haufiki. Uzio uzunguke pande zote nne, ukilitenga bwawa hata na nyumba. Wengi huhesabu ukuta wa nyumba kuwa upande wa nne, kisha mlango wa sebule unaachwa wazi upepo uingie, na mtoto anatokea hapo hapo.

Mpanda bustani ana wajibu wake katika hili. Usiweke chungu cha maua, benchi wala sanduku la pampu karibu na uzio kwa upande wa nje, mtoto atapandia. Usipande mti ambao tawi lake litavuka uzio. Ua wa michongoma unapendeza lakini hauhesabiwi kuwa uzio, kwa sababu una matundu chini ambayo mtoto na mbuzi wanayajua vizuri. Kati ya jikoni na bwawa panda vya kimo cha goti tu. Tazama pia ni nani huja kwenu. Kama una mwembe, watoto wa mtaa wataingia kuokota embe, na hao hawajui bwawa liko wapi wala kina chake.

Ndani ya bwawa, matundu ya kunyonyea ya sakafuni yawe mawili yaliyoachana, kila moja na kifuniko cha mbenuko, ili moja likizibwa na mwili wa mtu la pili liendelee kuvuta. Tundu moja lenye pampu yenye nguvu linaweza kumshika mtoto asijinasue. Tundika boya lenye kamba kwenye uzio, mahali panapoonekana. Wakubwa wote wa nyumbani, akiwemo dada wa kazi na mlinzi, wajifunze kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua mtu aliyezama.

Macho ya walio ndani yafike bwawani, lakini ya walio nje yasifike. Stara ni haja ya kweli kwa nyumba nyingi za pwani, na bwawa ambalo mama na mabinti hawawezi kuogelea kwa sababu jirani ana roshani ni bwawa la nusu ya familia. Tangu zamani waliliona hilo: katika magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, jumba la kifalme la karne ya 14, bwawa la pembe nane limejengwa ndani ya jumba lenyewe. Simama pale ulipochora chokaa, utazame juu, uhesabu madirisha ya ghorofa za majirani yanayokuona. Mara nyingi ni moja au mawili, na mti mmoja uliopandwa mahali sahihi, au banda la kivuli, unayaziba bila kuzungusha ukuta wa mita tatu unaoifanya bustani kuwa na joto la kikaango.

Cha kupanda na cha kuacha

Baadhi ya miti ni mizuri mahali pengine popote isipokuwa hapa. Mkungu huongoza orodha yangu. Majani yake ni makubwa, huanguka kwa mafungu, hutia rangi kwenye vigae vyeupe, na matunda yake huwaita popo wanaoyatafuna usiku na kuyadondosha majini. Mwarobaini hudondosha vijani vidogo vinavyopenya kila kikapu. Mvinje, ingawa unavumilia sana chumvi na upepo, sindano zake huziba skima. Mkuyu na jamaa zake wote wana mizizi inayofuata maji hadi ndani ya mabomba. Wakae mita 10 au zaidi. Mianzi ile inayotambaa chini ya ardhi isipandwe kabisa. Bogonvilia ina miiba na maua mepesi yanayopeperuka, na watu huku wanatembea peku.

Mnazi unasingiziwa bure kuhusu mizizi. Mizizi yake ni myembamba na haivunji ukuta. Hatari yake iko juu. Nazi ikianguka inaua, na kuti moja lina urefu wa mita 4 au zaidi. Kama unataka sura ya mnazi, uwe mbali na wanapokaa watu, na mkwezi aje mara kwa mara kuangua. Michikichi ya mapambo, ile mifupi, inatoa sura hiyo hiyo bila hofu.

Vinavyofaa karibu na maji ni vile visivyopukutisha, visivyo na miiba, na visivyokasirika vikirukiwa na maji yenye klorini. Mchaichai ni mzuri sana: unashika udongo, unanukia ukiguswa, na huna haja ya kwenda mbali ukitaka chai. Mshubiri unastahimili jua na chumvi, ila ukae nyuma kidogo kwa sababu ya ncha zake. Kwa majani ya chini, zile nyasi pana zinazouzwa kwa jina la Pemba huvumilia kivuli na chumvi kuliko ukoka mwembamba. Na kwa kuwa upepo unatoka mashariki, panda huko vya kunukia, umbali wa mita tatu kutoka ukingoni: asumini, rehani, kilua kama utampata wa kukupa mche. Jioni harufu itawajia yenyewe waliokaa magharibi. Rehani ikate maua kabla hayajakomaa, la sivyo nyuki watajaa, na nyuki wakishajua pana maji karibu hawaondoki.

Vitalu vya maua viwe chini kuliko sakafu ya ukingoni kwa sentimita 10. Mvua ya masika ikishuka, tope likae kitaluni. Udongo wa kujaza humo usitoke chini ya shimo. Siku ya kuchimba, ule wa juu, sentimita 20 za kwanza zenye rangi ya giza, urundikwe peke yake. Huo ndio wenye uhai. Uliobaki, na kwa bwawa letu ni zaidi ya mita za ujazo 80, ni wa kuondolewa kwa tipa, tena tipa zaidi ya kumi. Hakikisha geti lako linaipitisha.

Ukingo wa bwawa uwe na njia ya upana wa mita 1.2 pande tatu, na upande mmoja uachwe mpana, mita 3 au 4, wa viti na meza. Uinamishe kwa sentimita 2 kila mita, maji yakimbilie bustanini yasirudi bwawani. Mawe ya Tanga yanapatikana kwa urahisi Dar es Salaam. Mombasa kuna ya Galana na ya Mazeras. Chagua ya rangi isiyokolea. Kabla hujanunua, weka vipande viwili juani hadi saa nane mchana, uvimwagie maji, kisha uvikanyage peku. Kinachounguza au kinachoteleza kirudishe dukani. Banda la makuti linapendeza, ila makuti hupukutika yakizeeka. Likae magharibi, hatua kadhaa kutoka majini.

Mashine, maji na dawa

Chumba cha pampu kiwe magharibi pia, karibu na skima, kikiwa na hewa ya kutosha, mbali na dirisha la kulala la jirani. Bwawa letu linataka pampu ya kuzungusha lita 40,000 kwa saa sita, yaani karibu lita 6,700 kwa saa. Pampu ya kilowati 0.75 ikifanya kazi saa sita kila siku itakula uniti 4.5, zipatazo 135 kwa mwezi. Zipige kwa bei ya LUKU kabla hujaamua ukubwa wa bwawa. Taa za majini ziwe za volti 12, saketi nzima ilindwe na swichi inayokata umeme ukivuja, na kazi hiyo aifanye fundi umeme mwenye leseni.

Maji hupotea kila siku hata bwawa lisipovuja. Pwani, kwa jua na upepo, jumlisha milimita 5 kwa siku, ambazo kwa bwawa hili ni lita 160. Ukidhani linavuja, weka ndoo iliyojaa maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yalingane, zima pampu, rudi kesho. Maji ya bwawa yakiwa yameshuka kuliko ya ndoo, kuna uvujaji.

Kisima chako kipime kabla hujakitegemea. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na vingine vina chuma. Teka maji kwenye ndoo nyeupe, tia kijiko cha klorini, yaache usiku. Yakigeuka kahawia, ni chuma hicho, nacho kitachafua vigae vyote. Maji ya paa yasielekezwe bwawani, yaende kwenye tangi la kumwagilia bustani. Bwawa liwe na bomba la kumwaga ziada, maana mvua moja ya Aprili inaweza kulijaza hadi ukingoni. Maji ya kusafishia chujio yawe na shimo lake la mawe. Ukiyapeleka kwenye chemba ya choo, klorini itaua wadudu wanaoozesha uchafu.

Dawa ni hesabu ndogo. Uchachu wa maji usomeke kati ya 7.2 na 7.6, klorini kati ya 1 na 3. Kwa lita 40,000, gramu 60 hivi za klorini ya chenga yenye nguvu ya asilimia 65 hupandisha kipimo kwa 1. Itie jua likishatua, kwa sababu mwanga wa jua huila. Klorini na asidi zisikae rafu moja, na klorini za aina mbili zisichanganywe hata kidogo, zinaweza kulipuka. Dawa hutiwa kwenye maji. Maji hayatiwi kwenye dawa. Bwawa lililotiwa dawa na kuzungushwa halizalishi mbu, lakini visahani vya chini ya vyungu vya maua vinazalisha, na mbu wa humo ndio wale wa dengi iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Vimwage kila wiki.

Ukifuata mwaka wetu wa mvua, ratiba inajipanga: shimo la majaribio Aprili, mchoro na kibali Mei, kuchimba Juni ardhi ikianza kukauka, zege na kipimo cha maji hadi Agosti, vigae na mawe ya ukingo Septemba, uzio kabla ya maji ya kuogelea kujazwa, na miche iingie ardhini vuli ikianza Oktoba. Chini ya mawe pitisha mabomba matupu mawili matatu ya nyaya na ya kumwagilia, hata kama huna kazi nayo leo. Na watoto wako, kama bado hawajui kuogelea, watafutie mwalimu sasa hivi, mwezi huu, wakati bwawa bado ni chokaa juu ya nyasi.